Gurudumu la betri la kupachika kwenye kiti: mlimani ndipo utakapolijua

Sisi tunaosukuma viti vya magurudumu kwa mikono tunajua adui yetu ni nani: yale magurudumu mawili madogo ya mbele. Yakikutana na kijiwe au ufa, kiti kinagoma ghafla na mwenye kiti anarushwa mbele. Kifaa ninachotumia sasa ni gurudumu moja kubwa lenye mota, betri na usukani, linalopachikwa mbele ya kiti. Likishashika, hayo madogo yananing'inia hewani. Kwa hilo peke yake nalisifu, hata kabla ya kufika kwenye mwendo.

Kulipachika si kazi. Unafunga breki za kiti, unalivuta gurudumu hadi vibanio vidake mabomba ya fremu, unakaza, kisha unasukuma usukani mbele. Kiti kinanyanyuka kidogo upande wa mbele, unasikia "ta!", na tayari una baiskeli ya miguu mitatu. Ila vibanio vyangu vinataka vidole vyenye nguvu. Rafiki yangu aliyeumia uti wa shingo alijaribu kuvikaza akashindwa kabisa. Kwa watu kama yeye yapo matoleo yenye wenzo mrefu na usukani wa kushikwa kwa viganja, basi uliza kabla hujalipa. Kama kiti chako ni cha kukunja, uliza pia kama kuna vyuma vya kuimarisha fremu.

Kwenye tambarare ni raha tupu. Kidole gumba kinabonyeza, mota iliyomo ndani ya kitovu cha gurudumu inavuta, na mabega, ambayo kwa wengi wetu ndiyo huchakaa kwanza, yanapumzika. Lami iliyobanduka napita, nyasi napita. Rivasi nayo ni ya lazima, maana kiti kinakuwa kirefu na hakigeuki tena pale pale kilipo.

Sasa mlima, na hapa wauzaji wengi wanakaa kimya. Gurudumu linalovuta liko mbele, lakini uzito wako umekaa nyuma, juu ya magurudumu makubwa. Ukianza kupanda, uzito unazidi kurudi nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na linazunguka bure. Kwenye lami kavu nainama mpaka kifua kinakaribia usukani, linashika, napanda. Kwenye kokoto au tope linaserereka hata niiname vipi. Usidanganywe kwamba dawa ni mota kubwa zaidi: gurudumu lisiloshika ardhi halisaidiwi na nguvu, linachimba tu. Kinachosaidia ni uzito mbele, na wapo wanaouza vyuma maalumu vya kufunga karibu na gurudumu. Asiyeweza kuinama na kujizuia kwa kiwiliwili asinunue kabla ya kujaribu mlimani akiwa na mtu nyuma yake.

Betri yangu ni ya lithiamu, volti 36 na ampea-saa 10, yaani wati-saa 360. Umbali unaotajwa kwenye tangazo ni wa tambarare na mtu mwepesi. Milima na baridi vinaupunguza sana. Wasafiri wa ndege wazingatie hili: betri ya lithiamu inayochomolewa kwenye kifaa cha mlemavu hairuhusiwi kuzidi wati-saa 300, kwa hiyo yangu inabaki nyumbani. Ningejua nitasafiri mara kwa mara, ningechukua ndogo.

Kilichonikera ni spea. Waya wa kuongezea mwendo ulikatika, na aliyeniuzia akanizungusha wiki baada ya wiki kwa waya mmoja tu. Dai waya na tairi la akiba siku ile ile unayonunua.

Nunua pia mkanda wa kufunga miguu. Mwendo ukiongezeka, mtikisiko unaamsha mikakamao ya misuli, mguu unateleza kutoka kwenye kikanyagio, na sisi tusiohisi miguu hatujui mpaka kiatu kimeshaanza kuburuzwa.