Tahadhari kwa wanamuziki wa Bagamoyo: "gitaa la mpingo" linalouzwa mitandaoni si la mpingo

Ndugu wanamuziki, viongozi wa kwaya, na wazazi mnaowanunulia vijana vyombo vya muziki,

Naandika tahadhari hii kwa sababu magitaa ya umeme yanayoletwa kwangu kutengenezwa yamezidi kuwa na historia moja: wenye nayo waliyanunua kwa mtu yuleyule, kwa maneno yaleyale, na hakuna hata moja lililotengenezwa kwa mbao aliyoitaja muuzaji.

Muuzaji huyo hana duka. Hutangaza magitaa katika makundi ya WhatsApp ya wanamuziki na ya wanakwaya, hutuma picha nzuri zilizopigwa juani, kisha huahidiana na mteja wakutane karibu na stendi ya mabasi, mara nyingi jioni, wakati mwanga umeshapungua. Jina na namba ya simu hubadilika kila baada ya muda, na ndiyo maana sitaji jina lolote hapa. Kinachomtambulisha ni usemi wake. Husema gitaa ni la "mpingo wa Kilwa, kipande kimoja, halina kiungo", kwamba lilichongwa kwa ajili ya mteja wa Ulaya aliyeshindwa kulifuata, na kwamba bei yake ni shilingi 1,400,000 lakini kwa kuwa wewe ni mtu wa nyumbani atakuachia kwa 1,100,000. Akiona unasita, hukutolea la pili, ambalo safari hiyo huwa la "mahogani halisi". Gitaa la kiwango hicho likiuzwa bila hadithi ya mpingo halifikii hata nusu ya fedha hizo, kwa hiyo mteja analipia jina la mti, na mti wenyewe haumo.

La karibuni nililolifungua ni la binti anayesoma muziki hapa mjini, ambaye fedha zake zilichangwa na wajomba zake. Lilikuwa jeusi, linang'aa, na kwa macho tu lilivutia. Nililegeza nyuzi, nikatoa skrubu nne zinazoshika shingo, nikainua shingo taratibu. Mfuko ambamo shingo hukaa ulikuwa umepakwa rangi nyeusi kwa brashi, na michirizi ya brashi ilionekana wazi. Nilipochokonoa ndani ya tundu la skrubu kwa ncha ya sindano, lilitoka vumbi laini la rangi ya kaki, lisilo na uzi hata mmoja wa mbao. Hiyo ni MDF, yaani mbao iliyosagwa laini, ikachanganywa na gundi na kushindiliwa kwa joto, ubao uleule wa makabati ya televisheni. Pamba niliyoichovya kwenye spiriti na kuipitisha pembezoni mwa mfuko ule ilirudi nyeusi, ikinuka rangi ya viatu. Wachongaji wa vinyago wanaifahamu hila hii tangu zamani, kwa kuwa wapo wanaopaka mti mweupe rangi ya viatu na kuuza kinyago kwa bei ya mpingo. Kilichofanyika ni kuihamishia kwenye magitaa.

Mtu anayeujua mpingo angetilia shaka kabla hata ya kushika bisibisi. Mpingo hukua polepole mno, huchukua kati ya miaka 70 na 100 hadi kufaa kuvunwa, shina lake ni fupi, limepinda, na mara nyingi kiini chake kina nyufa au uwazi. Ndiyo maana viwanda vya Ulaya vinavyotengeneza klarineti na obo huununua kwa vipande vidogo, si kwa mbao pana. Bodi ya gitaa la umeme, yaani kiwiliwili chake, huhitaji ubao wenye upana wa takribani sentimita 33, urefu wa sentimita 40 na zaidi, na unene wa kama sentimita 4.5. Kuupata ubao wa namna hiyo wa mpingo, mzima, usio na ufa wala kiungo, ni jambo adimu sana, na aliyeupata hangeuuza stendi kwa punguzo la laki tatu.

Uzito nao husema. Ujazo wa bodi ya kawaida ni kama lita 4. Mti wa alda, ambao kampuni ya Fender ya Marekani ilianza kuutumia kwa wingi katika gitaa lake la Stratocaster mwaka 1956 baada ya kutumia zaidi mti wa ashi tangu 1954, una uzito wa takribani kilo 450 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo bodi yake hukaribia kilo 1.8. Mpingo huzidi kilo 1,200 kwa mita ya ujazo; ni mzito kuliko maji, na kipande chake huzama. Bodi yake peke yake ingekaribia kilo 5, na ukiongeza shingo, vyuma na pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi), gitaa zima lingezidi kilo 6. Gitaa la yule binti tulilipima kwa mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki jirani yangu, likasoma kilo 4 na nusu. Hapa ndipo wengi wanaponaswa, kwa sababu MDF ni nzito kuliko alda na mtu akilinyanyua huhisi uzito wa kutosha, akaamini kwamba hakika huu ni mpingo. Msiridhike na mkono; tumieni mizani, na linganisheni na hesabu hiyo.

Baada ya mizani, ombeni gitaa lifunguliwe. Muuzaji mkweli hatakataa kutolewa kwa kifuniko cha plastiki cha nyuma, ambacho hushikwa na skrubu chache na kukitoa hakuathiri chochote. Angalieni hasa pale ambapo rangi haikufika: ndani ya matundu ya skrubu, chini ya pikapu, ndani ya mfuko wa shingo, na katika tundu la ubavuni la kuchomekea waya. Tundu hilo la ubavuni ni shahidi mzuri sana, kwa kuwa limetobolewa moja kwa moja kupita kwenye bodi. Mkimulika ndani yake kwa tochi ya simu mkaona tabaka jembamba jeupe, kisha jeusi, kisha jeupe tena, zimepangana kama kurasa za daftari, hiyo ni plaiwudi. Mbao halisi huonyesha mistari inayoendelea bila kukatwa, pamoja na vitundu vidogo vya asili. Naomba pia muelewe kwamba rangi nyeusi ndani ya shimo la pikapu peke yake si ushahidi wa ulaghai, kwa maana viwanda vingi hupaka humo rangi maalumu inayopitisha umeme ili kuzuia muungurumo. Ndiyo sababu nasisitiza matundu ya skrubu, ambako rangi hiyo mara nyingi haifiki.

Yale ya "mahogani" hudanganya kwa njia nyingine. Juu ya bodi hubandikwa utando mwembamba wa mbao nzuri, au hata karatasi iliyochapishwa picha ya mbao, kisha vanishi nzito hupuliziwa juu yake. Fuateni mstari mmoja wa mbao kutoka usoni mwa gitaa hadi ukingoni: katika ubao halisi mstari huo hupinda na kushuka ubavuni hadi mgongoni, na kwenye kitako, pale kinapofungwa kishikizo cha mkanda, mtaona kichwa cha ubao chenye pete za ukuaji au vitundu. Palipobandikwa utando, mstari hufia ukingoni, na ubavuni huanza mwingine usiohusiana nao, au hakuna mstari wowote. Magitaa mengi ya mtu huyu yamepuliziwa rangi inayoanza manjano katikati na kuishia nyeusi kabisa pembeni. Mtindo huo ni wa heshima na umetumika katika magitaa bora ya Marekani kwa miongo mingi, lakini kwa aliyedhamiria kuficha tabaka za plaiwudi, weusi huo wa pembeni humfaa sana. Na kama uso wa gitaa una mawimbi yanayometameta, ligeuzeni taratibu mbele ya dirisha. Mawimbi ya mbao ya kweli huhama kadiri mwanga unavyohama, na ya kuchapishwa hubaki palepale.

Kuna jambo moja analolifanya mbele ya mteja ambalo nalipinga kwa nguvu zote. Hugonga bodi kwa kidole, akainamisha sikio, akasema, "Sikia mlio wa mpingo." Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, nayo hunasa mtetemo wa nyuzi za chuma, haisikii mbao jinsi kipaza sauti kinavyosikia. Kiasi ambacho mbao inachangia katika sauti inayotoka kwenye spika ni suala ambalo mafundi na wanafizikia bado wanabishana, lakini sijamwona fundi anayeweza kutaja mti kwa kugonga bodi iliyofunikwa rangi na kujaa waya na skrubu. Mlio wa kidole si kipimo, na msikubali uwe kipimo.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba gitaa la plaiwudi au la ubao wa kushindiliwa ni takataka. Kampuni ya Danelectro ya Marekani katika miaka ya 1950 iliuza magitaa yaliyofunikwa kwa mbao za kushindiliwa za Masonite, tena kwa uwazi na kwa bei ya mtu wa kawaida, na leo hii wapo wanaoyatafuta. Vilevile, bodi iliyounganishwa kwa vipande viwili au vitatu si kosa. Viwanda vikubwa hufanya hivyo kila siku. Gitaa la yule binti, nilipolirekebisha shingo na kubadilisha nyuzi, linapigika vizuri na atajifunzia. Kosa ni kuuziwa MDF kwa jina na bei ya mpingo, na fedha hizo za wajomba hazikuwa za kuchezea.

Kwa upande wa karatasi, huonyesha nakala ya kitu anachokiita cheti cha mpingo, chenye mhuri usiosomeka. Mpingo ni zao la misitu linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na magogo na mbao husafirishwa kwa kibali chake. Karatasi ya namna hiyo hata ingekuwa ya kweli ingehusu shehena ya mbao, na haiwezi kuthibitisha kilichomo chini ya rangi ya gitaa ulilolishika. Dai badala yake risiti ya EFD na mapatano ya maandishi yanayotaja aina ya mbao. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, lakini maneno ya mdomo ya stendi ni magumu kuyathibitisha. Mtu huyu, akitajiwa risiti, huanza kusema ana haraka ya kuwahi basi la Dar es Salaam.

Kwa waliokwisha kununua, nawaomba msipige msasa wala kupaka rangi upya, kwa sababu mtaharibu ushahidi. Pigeni picha za ndani ya matundu, tunzeni jumbe zote za WhatsApp pamoja na kumbukumbu za malipo ya simu, kisha pelekeni taarifa polisi. Malalamiko ya bidhaa zinazouzwa kwa udanganyifu hupokelewa pia na Tume ya Ushindani. Namba ya simu aliyowasiliana nanyi kwayo itumeni 15040, ambako namba za matapeli huripotiwa. Anayetaka uthibitisho wa pili kuhusu mpingo awaone wachongaji wa Mtaa wa India au mafundi wa milango ya nakshi, ambao wameushika maisha yao yote.

Mwisho ni kwa kwaya. Nimeambiwa na watu wawili wasiofahamiana kwamba sasa muuzaji huyo ameanza kuwatangazia viongozi wa kwaya za Kerege na Mapinga gitaa la besi "la mninga", akitaka kianzio cha nusu ya bei kabla hawajaliona. Picha niliyoonyeshwa ina ukingo mweusi uleule niliouelezea. Kwaya iliyokwisha kutoa kianzio isimalizie malipo hadi gitaa lifunguliwe mbele ya fundi mnayemwamini, mchana, na mwalimu wa kwaya akiwepo. Nipo tayari kuja kulifungua bila malipo.