Mti mkubwa jirani na sheli: kamba au kreni?

Kwanza kabisa kuuangusha mzima mzima sahau, mkaratusi ukilalia pampu hapo hakuna cha kujadili. Zinabaki njia mbili.

Ya kamba, fundi anapanda na mkanda, anakata tawi kwa tawi na kila kipande kinashushwa taratibu. Bei ndogo ila inakula muda, na muda wote huo chenso (msumeno wa injini) inanguruma, sasa kumbuka mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka kwenye mitaro, kwahiyo msumeno usiwashwe wala kujazwa mafuta karibu na pampu au bomba za kupumulia tenki, na lori likija kushusha mafuta kazi isimame. Mti uliooza ndani usimpandishe mtu kwa njia hii, basi.

Kreni inanyanyua vipande vikubwa, fundi anakaa juu muda mfupi. Ila jamani ule uzito! Miguu ya kreni ikikanyagia juu ya tenki lililofukiwa ni balaa, ulizia ramani ya sheli kwanza. Nyaya zikiwa karibu TANESCO wazime umeme, njia zote mbili.

Mimi mti mzima ningeenda na kamba, uliooza kreni hata kama bei inauma.