Jumba la Mapadre Bagamoyo: nyota nne kutoka kwa fundi wa Tanga

Nenda Misheni ya Bagamoyo, ila usiende kwa ajili ya Livingstone, yule mmisionari mpelelezi. Nenda ukalitazame jumba. Wengi wanaofika pale huishia kwenye mbuyu, wakapiga picha mbele ya mnara, wakageuza kurudi Dar kabla foleni ya Tegeta haijakaza. Mimi ni fundi ujenzi, nimekulia kwenye chokaa enzi ambazo mfuko wa saruji ulikuwa anasa, na nasema Jumba la Mapadre peke yake linatosha nauli ya kutoka Tanga. Vingine vyote ni nyongeza.

Sisi tulipanda basi la Dar, tukashuka Msata, tukaunga na Kosta hadi Bagamoyo. Lami ile ya Msata imetuokoa sana watu wa Tanga. Barabara ya pwani ya Pangani na Saadani ikishakamilika itakuwa habari nyingine kabisa. Ukifika stendi bajaji ni tele, mwambie dereva "Misheni" naye atakupeleka upande wa kaskazini ya mji. Elewaneni bei kabla hujakaa.

Aliyetualika ni binti yangu anayesoma huko. Mama yake alikuja kwa shingo upande. Njia nzima ananiuliza, "Baba Fulani, sisi na shungi zetu tunafuata nini kanisani?" Kilichomnyamazisha ni ile njia ya miembe mikongwe, kivuli mwanzo mwisho. Watu wa Tanga kwa kivuli hatubishi.

Sasa jumba. Ni jeupe, safu tatu kwenda juu, na kila safu ina baraza yenye matao mbele. Lilianza kujengwa mwaka 1873. Ili uelewe kwa nini limejengwa vile, rudi nyuma kidogo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaanza kujenga kama anavyoanza mgeni yeyote. Aprili 1872 kikaja kile kimbunga kilichong'oa mikarafuu ya Unguja, kikavuka bahari na kuilaza misheni chini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka uliofuata wakaanza la mawe, na ukiligusa unajua kabisa kwamba waliolijenga walikuwa bado na upepo ule masikioni.

Niligusa, ndiyo. Kuna mahali lipu imebanduka kiasi cha kiganja, na ndani yake unaliona jiwe la matumbawe lenyewe, lina vijishimo na michirizi kama ua lililopigwa muhuri. Nikaingiza mkono kwenye kina cha dirisha: dhiraa yangu nzima imeingia, na ukuta haujaisha. Binti ananivuta shati, "Baba, watu wanakuangalia." Waangalie. Vijana wa siku hizi wananijengea kwa tofali la inchi tano kisha wananiambia nyumba ina joto, tununue feni.

Joto la pwani mapadre wale walilimaliza kwa baraza. Jua la saa nane linapiga matao, linapiga sakafu ya baraza, ukuta wenyewe halijaufikia. Upepo wa bahari unaingia mbele na kutokea nyuma. Kaa pale dakika chache uone jasho linavyokauka. Majumba ya mawe ya mjini yalikuwa na ujanja mwingine: kuta nene, vyumba virefu lakini vyembamba. Wembamba ule haukuwa urembo. Boriti ya mkoko haikubebi zaidi ya kama mita 3, basi chumba nacho kinaishia hapo. Tajiri angekuwa na pembe za ndovu za kujaza ghala, chumba chake cha kulala kilipangwa na mti wa mkoko.

Na kuhusu chokaa niwaombe radhi, nitasema kidogo. Unapanga magogo duara, juu yake unapanga matumbawe, unawasha. Kinachobaki unakimwagia maji, kinachemka chenyewe bila moto, halafu unakiacha kiive. Hapo ndipo wateja wanaponishinda, maana kuiva kwenyewe si wiki moja. Saruji inashika leo, kesho unapaka rangi. Lakini saruji ukiipiga juu ya ukuta wa matumbawe unafungia unyevu na chumvi ndani. Ukuta unatafuta pa kupumulia, unavimba, lipu inadondoka vipande vipande, na mwenye nyumba anakwambia ulimwibia mfuko. Nyumba ngapi za zamani Tanga nimeitwa kutibu ugonjwa huo, ulioletwa na fundi mwenzangu! Chokaa inapumua. Ndiyo maana kuta za pale zimefika karne na nusu. Mwaka 1903 wakaliongezea safu ya tatu. Yaani msingi uliochimbwa kwa ajili ya safu mbili ulibebeshwa mzigo mpya baada ya miaka 30, na mpaka leo umesimama nao. Ningekuwa na kofia siku ile ningeivua.

Lakini nani alichimba? Hapo ndipo ziara inapokuwa nzito. Misheni ilikuwa na kijiji cha waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto, na kazi za shamba na za mikono zilikuwa juu yao. Mwaka ule ule jumba lilipoanza, 1873, ndipo Sultani Barghash alipotia saini ya kulifunga soko la watumwa la Unguja. Sasa mtu atakwambia walikuwa huru, nami nakubali, kununuliwa na padri si sawa na kununuliwa na mwenye shamba la karafuu. Ila uhuru wa kuamshwa na kengele, ukaambiwa usali nini, ulime wapi na umwoe nani, mimi naupa jina hilo kwa kusitasita. Mke wangu hakusitasita. Alisema, "Wangeulizwa wenyewe wangetaka kurudi kwao." Hatukubishana naye.

Makumbusho yako kwenye nyumba ya masista, nayo ya mwaka 1876. Kiingilio hakikuniumiza. Kuna picha za kale ambazo ukiwa na macho ya kazi utakaa nazo muda mrefu, na kuna minyororo na pingu. Mama watoto alipita haraka. Mimi nilisimama kwenye chuma cha shingo. Msumari wake umegongwa ukawa bapa, umelala vizuri, haukwaruzi, haulegei. Kazi safi ya mhunzi anayeijua kazi yake. Hilo ndilo lililonikera zaidi ya yote niliyoyaona siku ile, kwamba kuna fundi alikaa akahakikisha. Ningekuwa na sauti pale ningeomba ukuta mmoja uwe wa zana tu, mwiko, timazi, nyundo, chepe la kuchanganyia chokaa, viwekwe upande wa pili wa pingu hizo.

Mnara wa kanisa la kwanza, la mwaka 1872, ndio huo wanaouita Mnara wa Livingstone. Mwili wake ulifikishwa hapo Februari 1874, umebebwa kwa miguu kutoka huko ambako leo ni Zambia. Chuma na Susi, watumishi wake, na wenzao ndio waliobeba, miezi kwa miezi, wakizunguka vijiji vilivyowakatalia kupita na maiti. Mnara ukapewa jina la aliyebebwa. Haya.

Mbuyu ulipandwa 1868, na hadithi yake ni ya mama wa Kifaransa aliyefunga mnyororo wa punda wake hapo akausahau, mti ukanenepa ukaumeza, leo kinachoonekana nje ni kipande kifupi tu. Kijana mmoja tuliyemkuta njiani, aliyejipa mwenyewe kazi ya kutuongoza, alitueleza kwamba mti umeumeza kwa sababu ya mizimu, na kwamba ukiuzunguka unaongeza umri. Nikamwambia, "Mwanangu," mti wowote ukiufunga waya utaumeza, hata mwarobaini wa uani kwangu umemeza kamba ya kuanikia nguo. Akaomba elfu kumi. Alipata elfu mbili na nasaha. Chukua mwongozaji anayetambulika pale makumbusho, utasikia ya maana.

Ya maana kama hili, ambalo wengi hawaulizi. Vita vya mwaka 1888 na 1889, Bushiri bin Salim alipowakatalia Wajerumani pwani hii, misheni haikuguswa. Watu wa Bagamoyo walikimbilia humo kwa maelfu, wakajaza viwanja hivyo hivyo unavyotembea. Bushiri na mapadre walikuwa na maelewano. Sisi wa mkoa wa Tanga Bushiri ni wetu, maana alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Nimesimama kwenye baraza lile nikawaza mama mwenye mtoto mgongoni, mizinga inalia upande wa mji, na yeye kimbilio lake ni ukuta huu wa matumbawe. Ukuta mnene una kazi nyingi.

Makaburi usiyaruke. Utaona misalaba ya mapadre na masista waliokufa wangali vijana. Pwani hii haikuwapokea kwa upole.

Sasa mambo ya kujua kabla hujaenda. Pale ni parokia hai, kuna ibada na watu wana shughuli zao, kwa hiyo usiranderande na kufungua milango kama uko kwenye nyumba ya shangazi. Uliza, utajibiwa. Vaa vya heshima, beba maji. Adhuhuri ilipoingia mke wangu akaanza kuhangaika, na mzee mmoja aliyekuwa akifagia majani akatuonyesha bomba la kutawadhia na kivuli cha mwembe, akahamisha na mkokoteni wake ili tupate nafasi. Shikamoo yake mzee yule, popote alipo.

Chakula ndicho kilichotia doa siku, ingawa misheni haihusiki. Mgahawa mmoja mjini, sitautaja, tuliagiza changu wa kupaka na wali. Tukakaa mpaka tukaanza kujuana na paka wa pale. Akaja changu wa kukaanga, tui limewekwa pembeni kwenye kikombe, ati tumwagie wenyewe. Mtu wa Tanga unampa tui pembeni! Mama watoto alitaka kuingia jikoni. Jioni tulijiokoa kwa pweza wa kuchoma na kahawa kule karibu na soko la samaki, bei ya kawaida, mkono wa mpishi mwepesi wa chumvi.

Ukibakiwa na muda, Ngome Kongwe nayo ina kuta za kutazamwa, ya miaka ya 1860, na magofu ya Kaole yako kilomita chache kusini. Boma la Wajerumani la mwaka 1897 nililiona kwa nje tu nikiwa kwenye bajaji, na kwa siku ile ilitosha. Ukivichanganya vyote siku moja utakumbuka jua tu. Mimi ningekwambia asubuhi yote iwe ya misheni, ufike mapema kabla magari ya wanafunzi hayajaingia, uanze na jumba kwa nje, ulizunguke polepole, ndipo uingie makumbusho.

Nyota moja nimeibania kwa sababu ya kibao. Jengo kama lile lingestahili maelezo ya Kiswahili yanayosema lilijengwa kwa nini na kwa vipi, mawe yalitoka wapi, chokaa ilichomwa namna gani. Mimi nilijijibu mwenyewe kwa kuwa ni kazi yangu, lakini binti yangu asingekuwa na baba fundi angeondoka na picha ya mbuyu.

Tukiwa kwenye Kosta ya kurudi Msata aliniuliza kama naweza kujenga nyumba kama ile leo. Nikamwambia matumbawe ya baharini hayaguswi tena, ila mawe ya kuchimba nchi kavu yapo na chokaa ninaijua. Akauliza ningetoza kiasi gani. Nikamwambia anitafutie kwanza mteja wa kusubiri chokaa iive.