Vikao 30 ndani ya bomba la oksijeni: uzoefu wangu

Mimi ni nahodha wa boti la kioo hapa Malindi, napeleka wageni kutazama samaki kwenye hifadhi ya bahari. Kisukari ninacho mwaka wa kumi na moja huu. Mwaka jana nilishuka mwambani kusukuma boti, gome la chaza likanikata chini ya kidole gumba. Sikuhisi kitu. Kijana wangu wa nanga ndiye aliyeona damu sakafuni akauliza nani ameumia. Ganzi ya kisukari ndivyo ilivyo, mguu unakatwa kama wa mtu mwingine.

Miezi miwili nikafungwa bandeji kwenye kliniki moja ndogo. Wanafungua, wanamwaga spiriti, wanafunga. Hakuna aliyepima kama damu inafika vidoleni, hakuna aliyeniambia nisikanyagie ule mguu. Kidonda kikachimba hadi mfupa.

Mombasa ndiko nilikotazamwa sawasawa. Daktari alinifunga mkanda wa presha kwenye kifundo cha mguu, akapiga picha ya mfupa, akakata nyama iliyokufa, akanipa antibiotiki na kiatu kikubwa cha kuondoa uzito kwenye kidonda. Baada ya mwezi kidonda kiko palepale, ndipo akataja chemba, yaani hilo bomba la oksijeni. Alinieleza wazi kwamba kama mshipa mkubwa ungekuwa umeziba, ungezibuliwa kwanza, maana oksijeni husafiri na damu.

Chemba yenyewe ni bomba la plastiki ngumu inayoonyesha, unalala ndani chali. Hewa hii ya kawaida ina oksijeni asilimia 21; mle unavuta oksijeni tupu, kwa mgandamizo wa mara 2.4 ya huku nje. Kwa hesabu ya bahari ni kama kuzama mita 14, pima saba na ushei. Oksijeni inayeyuka kwenye maji ya damu yenyewe, hivyo inapenya hadi kwenye nyama iliyokuwa na njaa yake.

Masikio hayakunisumbua, nimezamia tangu utoto: bana pua, puliza, meza mate. Jirani yangu wa kitanda, mama mmoja wa Mtwapa, alilia kwa maumivu siku ya kwanza wakamtoa. Mimi kilichonichanganya ni kidole. Yule kijana wa mitambo aliniinulia dole gumba, na kwa wazamiaji hiyo maana yake tupande juu. Nikamwonyesha duara la vidole, yaani niko salama. Akasimamisha mashine. "Mzee, vipi?" Tulicheka, kisha tukakubaliana lugha.

Nguo ni zao, za pamba tupu. Simu, kiberiti, saa, vyote nje. Mafuta ya nazi marufuku, manukato marufuku. Siku moja nilirudishwa bafuni kuoga kwa sababu mke wangu alinipaka Jumapili kabla sijapanda matatu. Nilikasirika, lakini cheche moja kwenye oksijeni tupu si mchezo.

Jambo ambalo wangelisema mapema ni sukari. Hushuka ukiwa ndani. Kikao cha nne niliingia bila kula vizuri, nikatoka natetemeka, jasho kichwa kizima, kipimo kikasoma 3.4. Wakanipa juisi ya maembe. Tangu hapo nilipimwa kabla na baada, na nilikula kwanza.

Jingine ni macho. Wiki ya tano nikawa nasoma gazeti bila miwani, nikafurahi. Kumbe boya la mlangoni mwa mkondo silioni! Ilichukua wiki kadhaa kurudi sawa, na muda huo usukani alishika kijana.

Vikao vilikuwa 30, Jumatatu hadi Ijumaa, kila kimoja karibu saa mbili. Nililala kwa dada yangu Kisauni, Ijumaa jioni narudi Malindi. Niliuza injini yangu ya akiba. Bima ilinijibu kikao cha tisa, nishalipa vingi, kwa hiyo ulizeni kabla hamjavua viatu.

Hadi kikao cha 12 sikuona tofauti, nikataka kuacha. Cha 18 hivi, sista alipofungua, chini kulikuwa na nyama nyekundu kama jodari aliyekatwa sasa hivi. Kidonda kilifunga kabisa miezi miwili baada ya vikao kwisha. Je, ni chemba peke yake? Sidhani. Kile kiatu kikubwa nilikichukia zaidi, na nadhani kilifanya nusu ya kazi. Tafiti nazo hazijakubaliana, daktari hakunificha.

Wapo wanaouza vikao vya mfuko laini unaojazwa upepo, mgandamizo wa mara 1.3 tu. Kwa kidonda kilichofika mfupani, hiyo siyo dawa niliyopewa mimi.

Sasa nina viatu vya raba hadi majini, na kioo cha kunyolea kimefungwa kamba chini ya usukani. Wageni wakishashuka, natazama nyayo zangu.