Virutubisho vya Akwaponiki ya Nyumbani: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Ukiache Dukani

Mchicha ukipauka kwenye kitanda cha kokoto cha akwaponiki, yaani mfumo ambao maji ya tanki la samaki hulisha mboga, wengi hukimbilia duka la pembejeo na kurudi na chupa ya busta, mbolea ya kunyunyizia majani. Busta nyingi zina shaba na zinki kwa kiwango ambacho jani linastahimili lakini samaki hastahimili, na nyingine zina urea. Kabla ya kutoa hela, jua mfumo wako unakosa nini. Samaki hutoa naitrojeni na fosforasi ya kutosha. Kinachopungua karibu kila mahali ni chuma, kisha potasiamu, kisha kalsiamu, na mpangilio huu wa ununuzi unafuata hapo.

Vipimo vyote hapa ni vya mfumo wa lita 1,000, ukihesabu tanki, vitanda na mabomba, wenye sato au kambale na mboga za majani. Wako ukiwa wa lita 500, gawa kwa mbili.

Nafasi ya kwanza: chakula cha samaki, pamoja na seti ya kupimia maji

Mbolea yako kuu hupitia mdomoni mwa samaki. Kwa mboga za majani, mapendekezo ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ni gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita mraba ya kitanda. Kwa nyanya na pilipili hoho ni 50 hadi 80. Vitanda vya mita mraba 2 vya mchicha vinahitaji basi gramu 80 hadi 100 kwa siku. Sato ishirini wa gramu 300 kila mmoja, wakila asilimia 1.5 ya uzito wao, wanamaliza gramu 90. Majani ya chini yakiwa ya njano jani zima na nitrati ikisoma karibu sifuri, shida yako ni samaki wachache au vitanda vingi mno, na hakuna chupa itakayoitibu.

Nunua punje zinazoelea zenye protini asilimia 30 hadi 32, kwa kiasi kitakachoisha ndani ya miezi miwili hivi, kwa sababu mafuta yake huchacha na vitamini C hupotea. Chakula cha kujisagia cha dagaa na pumba ni rahisi mfukoni, lakini huzama, huchafua maji, na dagaa wa baharini waliochemshwa kwa maji ya chumvi huingiza sodiamu usiyoihitaji.

Seti ya kupimia chagua ya matone, ya samaki wa maji baridi: pH, amonia, nitriti, nitrati, na KH (uwezo wa maji kuizuia pH isishuke). Mara nyingi KH huuzwa peke yake. Usiiache, kwa kuwa ndiyo inayokuonya kabla pH haijaporomoka. Karatasi za kuchovya ni nafuu zaidi ila hewa ya unyevu ya pwani huziharibu mapema. Kipimio cha EC, yaani cha jinsi maji yanavyopitisha umeme, kiache mwisho kabisa: kinasoma chumvi zote kwa jumla bila kutofautisha potasiamu na sodiamu, na kwa kuwa akwaponiki husoma chini kuliko haidroponiki (kilimo cha maji bila samaki), mtu hushtuka akaongeza vitu bila sababu.

Nafasi ya pili: chuma, na hapa ndipo watu hupigwa

Dalili yake haifichiki: majani machanga ya juu yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Ikianzia majani ya zamani ya chini, tafuta tatizo lingine. Punje za samaki hazina chuma cha kutosha mimea, kwa hiyo hiki karibu kila mwenye mfumo atakinunua. Katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, mtafiti wa akwaponiki James Rakocy na wenzake walikuwa wakiongeza miligramu 2 za chuma kwa lita kila baada ya wiki tatu, na kiwango hicho bado ndicho cha kuanzia.

Chuma kitupu hakikai ndani ya maji. Chenye kudumu ni kile kilichoshikwa na kileti, yaani kiambata kinachokishikilia kisigeuke kutu, na herufi zilizo kwenye lebo ndizo zinazoamua kama umenunua chuma au kutu.

Fe-DTPA ndiyo chaguo la kwanza kwa wengi. Inashikilia chuma vizuri hadi pH ya 7 na kidogo juu yake, ambapo ndipo mfumo ulio sawa hukaa. Ya asilimia 11 unahitaji gramu 18 kwa lita 1,000.

Fe-EDDHA inafaa kama pH yako haishuki chini ya 7.5. Visima vingi vya mwambao, Unguja na Mombasa zikiwamo, vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake yana kalsiamu nyingi na pH ya juu. Hapo DTPA hulegea, EDDHA hubaki imara. Ya asilimia 6 pima gramu 33. Soma lebo vizuri: iandike pia kiwango cha orto-orto, umbo la kileti linaloshika chuma kwa nguvu zaidi, maana sehemu hiyo tu ndiyo inayostahimili pH kubwa. Mbili zenye asilimia 6 sawa, moja yenye orto-orto 4.8 na nyingine 2, si bidhaa moja hata kidogo. Maji yatakuwa mekundu kama juisi ya rosela. Samaki hawadhuriki, ila rangi hiyo huvuruga kipimo cha matone.

Fe-EDTA, kwa kawaida ya asilimia 13, ndiyo imejaa madukani na ndiyo ya bei ya chini. Juu ya pH 6.5 hivi, kalsiamu ya maji huanza kunyakua nafasi ya chuma, nacho kinadondoka. Ukiwa na maji laini na pH ya 6.2 hadi 6.4, inunue bila wasiwasi, gramu 15 kwa dozi. Vinginevyo unafuu wake ni wa dukani tu.

Salfeti ya chuma iache, na misumari ya kutu pia. Katika maji yenye hewa na pH ya 7 inageuka kutu ndani ya muda mfupi na inazama pamoja na sehemu ya fosforasi yako.

Kulinganisha bei, gawa bei ya kilo kwa gramu za chuma zilizomo: kilo ya DTPA ya asilimia 11 ina gramu 110, ya EDDHA ya asilimia 6 ina 60. Lebo isiyotaja asilimia wala aina ya kileti, rudisha.

Jambo moja kabla ya kulipia chuma cha aina yoyote: chukua kokoto za kitanda chako, zidondoshee siki. Zikitoa povu, ni za chokaa au matumbawe, na zitaivuta pH juu daima. Badilisha kokoto, au ukubali kununua EDDHA mwaka hadi mwaka.

Nafasi ya tatu: potasiamu

Ikikosekana, kingo za majani ya zamani zinaungua na nyanya zinaiva kwa mabaka. Chaguo linategemea pH yako inaelekea wapi. Bakteria wanapogeuza amonia kuwa nitrati hutoa asidi, kwa hiyo katika maji laini, ya mvua hasa, pH hushuka wiki hadi wiki. Hapo nunua baikaboneti ya potasiamu: gramu 50 huongeza miligramu 20 za potasiamu kwa lita na kupandisha KH kwa digrii 1.4 hivi. Unapata kirutubisho na kinga ya pH kwa hela moja.

pH ikiwa tayari iko juu, chukua salfeti ya potasiamu, yenye 0-0-50 kwenye mfuko (namba za naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mpangilio huo). Gramu 48 zinatoa miligramu zile zile 20 bila kugusa pH. Omba ya unga mweupe wa umwagiliaji wa matone. Ya chengachenga huyeyuka kwa shida na kuacha mashapo.

Jivu la kuni lina potasiamu, ni kweli, lakini mafiga mawili hayatoi jivu la nguvu moja, na maji yake ni makali mno kwa pH. Kloridi ya potasiamu (0-0-60) hurundika kloridi. Haidroksidi ya potasiamu inaunguza ngozi na macho; nyumbani kwenye watoto haina nafasi. Na magadi, hata yale ya jikoni, yasitumike kupandishia pH: ni sodiamu tupu, mimea haiitumii, na njia pekee ya kuiondoa ni kumwaga maji.

Nafasi ya nne: kalsiamu, kama maji yako ni laini

Mwenye kisima cha matumbawe aruke sehemu hii. Wa maji ya mvua ataona ncha za saladi changa zikikauka na kitako cha nyanya kikioza. Kilicho salama zaidi ni makombe ya baharini yaliyooshwa chumvi yote, kilo moja hivi ndani ya mfuko wa wavu mahali maji yanapopita. Huyeyuka pH inaposhuka chini ya 7 na kukaribia kuacha inapopanda. Chokaa iliyozimwa ni ya haraka, na hatari yake ni hiyo haraka: kwa pH ya 8, sehemu ya amonia yenye sumu huwa karibu mara kumi ya ile ya pH 7. Usizidishe gramu 10 kwa siku, na usiitie kabisa kama kipimo kinaonyesha amonia.

Magnesiamu huhitajika kwa nadra. Majani ya chini yakigeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, gramu 50 za chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu) zinatosha kuongeza miligramu 5 kwa lita.

Mbolea za shambani kama DAP, CAN, NPK na urea hazina nafasi yoyote katika orodha hii, kwa sababu zote huongeza amonia au hugeuka kuwa amonia, na dozi ya kiganja kimoja inaweza kuua tanki zima usiku mmoja.

Kila kitu kiyeyushe kwanza kwenye ndoo ya maji ya mfumo, ukimimine taratibu karibu na pampu, mbali na samaki. Chokaa na salfeti zisikutane ndoo moja, zitaganda kuwa jasi. Chuma tia jioni na ukihifadhi kwenye kopo lisilopenya mwanga, kwa sababu jua huvunja kileti. Chokaa isubiri siku nyingine.