Uzoefu wangu: nimeingia ziwani na lori la vita la mwaka 1943

Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa. Kwetu gari huingia kwenye feri, kisha feri ndiyo inayoingia majini. Gari likitangulia lenyewe, huo ni msiba. Basi Jumamosi iliyopita, kando ya ziwa moja huku Uingereza, dereva alipolielekeza majini lori la tani sita hivi, akakanyaga mafuta badala ya breki, nilikamata chuma cha kiti kwa mikono miwili nikasoma kila dua niliyoikumbuka.

Maji yakaruka juu ya bonneti. Halafu mtikisiko wa barabara ukakatika ghafla na lori likaanza kuyumba taratibu kama mashua. Tunaelea.

Lenyewe linaitwa DUKW, na wenyeji hulitamka kama neno lao la bata, "duck". Watu hudhani ni kifupisho cha maneno fulani, kumbe ni alama za kiwanda cha General Motors: D ni mwaka aina hii ilipobuniwa, 1942, U ni gari la nchi kavu na majini, K ni kwamba magurudumu ya mbele nayo yanavuta, na W ni ekseli mbili za nyuma zinazovuta. Chini kabisa ni lori la kawaida la jeshi, chapa ya GMC ya kampuni hiyohiyo. Juu yake limevalishwa umbo la mashua, na kazi hiyo ilimshirikisha Rod Stephens, fundi wa kuchora mashua za tanga kutoka New York. Tezi, yaani nyuma ya chombo, kuna rafadha ya kulisukuma majini.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni usukani. Sisi tuna neno moja tu kwa gari na kwa chombo, na mara nyingi nimejiuliza kama si upungufu wa lugha. Humu ndani neno linatosha: dereva akizungusha usukani, magurudumu ya mbele yanageuka na usukani wa nyuma majini unageuka pamoja nayo.

Jeshi la Marekani mwanzoni halikulitaka. Desemba 1942 lilipelekwa Provincetown, Massachusetts, kwa majaribio, na dhoruba ikapandisha fungu la mchanga chombo cha walinzi wa pwani chenye watu saba. Bata akaingia kwenye mawimbi akawatoa wote. Baada ya hapo ubishi ukapungua, na hadi vita vinaisha 1945 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 21,000. Yaliteremka Sicily Julai 1943, kisha Normandy Juni 1944, ambako yalifanya kazi ya tishari: meli inatia nanga mbali, lori linaifuata, linapakia risasi na chakula, linarudi ufukweni na kuendelea na barabara bila kushusha kitu. Likirudi melini, lilichukua majeruhi.

Mwenye lori hili ni mzee fundi mstaafu aliyelikuta shambani limeota majani. Bati lake ni jembamba, milimita mbili au tatu, na sakafu yote ilikuwa imeliwa na kutu. Alituonyesha mambo mawili. Kwanza, dereva anaweza kupunguza upepo wa matairi yote akiwa kitini, ili lisizame kwenye mchanga, kisha akaujaza tena akifika lami. Pili, pampu za kutoa maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo: hata bodi ikitobolewa tundu la upana wa inchi mbili, chombo kinaendelea kuelea, mradi injini isizime.

Injini kuzima ndiyo hofu yangu, nikamuuliza waziwazi. Hakukwepa. Akanieleza ya Hot Springs, Arkansas, mwaka 1999, ambako lori la aina hii lililobeba watalii lilizama ziwani na watu 13 wakafa: kola ya mpira inayoziba shafti ilikuwa imeachia, na paa la turubai likawanasa abiria waliotaka kutoka. Ndiyo maana lake halina paa, mvua inyeshe isinyeshe. Kwangu hilo lina uzito kuliko rangi mpya na nyota nyeupe ubavuni. Ukipata safari ya namna hii mahali pengine, tazama juu kwanza kabla ya kulipa.

Kasoro zipo. Foleni ilikula saa moja na nusu kwa safari ya dakika ishirini. Ngazi ya kupandia imesimama wima, mama mtu mzima atapata taabu. Injini inanguruma, joto lake na harufu ya petroli vinakufuata hadi kiti cha mwisho. Na usitarajie mbio: barabarani linafika kilomita 80 kwa saa, lakini majini ni kama 10 tu, ngalawa yenye upepo mzuri ingetupita ikitucheka. Nililipa pauni 12 na sijutii.

Tulipotoka, nilisikia magurudumu ya mbele yakigusa chini, yakateleza kidogo, yakashika. Mzee akafungua vizibo vya chini na maji yakamwagika, kiasi cha ndoo nzima. Nikashtuka. Akasema hajaona bado chombo kisichovuja kabisa. Nikamwambia mafundi wa majahazi kwetu nao husema hivyohivyo, akataka kujua wanaziba kwa kitu gani. Kalafati, nikamjibu, pamba iliyochovywa mafuta. Akatoa kalamu, akaniomba nimwandikie hilo neno.