Lupu ya kukagulia mawe: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukienda kununua tanzanite Arusha au Mererani, dalali atakupa lupu yake, yaani lenzi ndogo ya mkononi ya kukuzia, uangalizie jiwe. Mrudishie kwa adabu, utumie yako. Nyingi zinazouzwa kwa bei rahisi zimeandikwa 40x, 25 mm, yaani hukuza mara 40 na lenzi ina upana wa milimita 25, na uongo huo unaumbuliwa na hesabu ya darasani: ukuzaji ni milimita 250 kugawanya kwa urefu wa fokasi, yaani umbali toka lenzi hadi miale inapokutana. Mara 40 inataka fokasi ya milimita 6 na kidogo. Hata gololi ya kioo yenye fokasi hiyo ina upana wa milimita 8 hivi. Hizo 25 zimetoka wapi?

Lenzi moja mbinuko inaponzwa na umbo lake. Uso wake ni kipande cha tufe, na tufe hupinda mno miale inayopita ukingoni, hivyo ikakutana karibu na lenzi kuliko ile ya katikati. Hiyo ndiyo kasoro ya tufe. Unaona ukungu, usijue uko ndani ya jiwe au ni wa kioo chako.

Namba moja kwangu ni tripleti ya 10x: vioo vitatu vya aina mbili vilivyogandishwa pamoja, kosa la kimoja likifutwa na kingine, na michirizi ya rangi inapungua papo hapo. Usivutwe na 20x. Usafi wa almasi wenyewe hupimwa kwa 10x, na ukiwa na 20x unaona eneo dogo tu, jiwe likiwa karibu kugusa lenzi. Chagua fremu nyeusi. Ya rangi ya dhahabu huakisi unjano kwenye jiwe.

Ya pili ni Coddington, kioo kimoja kinene kilichochongwa mfereji kiunoni ili kuzuia miale ya ukingoni. Picha ni safi ila finyu, na rangi hazijaondoka. Dableti ya lenzi mbili zinazopeana migongo inatosha kwa kuangalia wadudu wa mahindi; kwa mawe ya pesa, hapana.

Lenzi moja iwe ya mwisho. Kama ndiyo uliyonayo, bandika karatasi nyeusi yenye tundu dogo katikati: mwanga utapungua, ukungu pia.

Nenda dukani na karatasi ya grafu. Weka lupu karibu kabisa na jicho, usogeze karatasi. Mistari ya pembeni ikipinda, ikififia au ikiota rangi, omba nyingine.